Kitabu Kilichosema Usiitike

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza habari za kamera, acha niwaambie habari za mafua.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuchukua riwaya za kutisha na kuzigeuza ziwe tamthilia za televisheni. Studioni niliitwa mwandishi wa skripti. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinitambulisha kwa wageni kama "huyu anayeshinda mezani akiandika mambo ya mizimu, lakini kanisani anakwenda." Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Usa River, na ninyi mnakuja, wengine kutoka chuoni Makumira, wengine kutoka mjini, mna simu zenye kamera nzuri kuliko zote tulizowahi kuzishika. Mnaniamkia vizuri, mnakunywa chai yangu, halafu swali linakuwa lile lile: "Mama Nuru, tunamtishaje mtazamaji?"

Basi, mafua. Riwaya ya kwanza niliyoigeuza ilikuwa ya Mwalimu Elifasi. Ninyi hamkuikuta enzi yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeandika vitabu vya kutisha, na vitabu hivyo viliuzwa stendi, sokoni, mpaka kwenye maduka ya dawa. Utingo walivisoma, wauguzi wa zamu walivisoma, wachungaji walivisoma na kusema wameviokota. Kitabu hicho cha kwanza kilihusu mwanamume anayegeuka chui akioa. Kwenye karatasi kilinikosesha usingizi. Bosi wetu Deo, ambaye studio ilikuwa yake na ndiye aliyekuwa mwongozaji, alisema, "Lazima chui aonekane. Watu wanataka kuona." Tukatafuta ngozi. Ngozi ya chui hairuhusiwi, kwa hiyo tukashona ngozi za mbuzi tukazichora madoa. Zilikuwa hazijakauka sawasawa. Mwigizaji wetu kila akinyemelea dirishani, anapiga chafya. Tulirudia mpaka jua likazama, na tukaishia kutumia picha ambayo chafya imekatwa lakini pua bado imekunjamana.

Iliporushwa hewani, nilikuwa nakaa Levolosi. Kesho yake watoto wa mtaa mzima walikuwa wanatembea kwa magoti wakipiga chafya. Walimwita Chui Mafua. Jina hilo likatufuata mpaka kwenye tamthilia ya pili, ambayo nayo ilikuwa na mzimu aliyepakwa unga, mvua ikanyesha, na sitaendelea.

Nilichojifunza hapo nawapa bila kuzungusha. Kitabu kinaweza kusema "aliogopa sana" na msomaji akaogopa, kwa sababu anajiongezea mwenyewe. Kamera haiwezi kupiga picha ya "aliogopa sana." Inapiga picha ya mtu anayetaka kuweka kikombe mezani akaikosa meza. Mkitafsiri riwaya kwa macho, msitafute jini. Tafuteni kikombe.

Aliyenifundisha hilo hakuwa mwandishi. Alikuwa fundi sauti wetu, Mzee Athumani, mtu wa Kondoa, mpole, ambaye vidole vyake vilinuka kabichi siku zote. Kabichi ndiyo ilikuwa mifupa yake. Akitaka mfupa uvunjike, anaipasua kabichi karibu na kinasa sauti. Akitaka mtu atembee gizani, anakanyaga majani makavu ya migomba ndani ya beseni. Siku moja alinivalisha vipokea sauti masikioni, akaniambia nifumbe macho, halafu akavuta kamba mbichi ya mgomba taratibu kupitia mdomo wa kibuyu. Nilivichomoa vile vitu masikioni nikasimama.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu."

"Haya. Jicho hubisha, sikio huamini. Waambie wakubwa zako."

Niliwaambia. Deo alisema televisheni si redio.

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe, maana ndicho mnachokijia hata kama hamjui. Kiliitwa *Usiitike*. Kilikuwa kitabu mashuhuri kuliko vyote vya Mwalimu Elifasi. Kinasimulia nyumba moja kwenye mteremko wa mlima ambako kila jioni kuna anayebisha hodi. Anabisha kwa sauti ya ndugu wa nyumba ile aliyepotea. Anabisha mara tatu; usipoitika, anaondoka. Ukiitika, hata ile ya tatu, umekwisha. Sentensi iliyochapwa nyuma ya jalada kila mtu wa rika langu anaijua: *Anayeitika hafiki asubuhi.* Niliwahi kuisikia ikisemwa harusini, kwa utani, na bibi harusi akakunja uso.

Deo alikitaka kitabu hicho kuliko kitu chochote. Mimi pia nilikitaka, ila kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilitaka, kabla sijastaafu, nifanye kazi moja ambayo mtu ataitazama sebuleni kwake asahau kwamba chai inapoa.

Nikaenda Kikatiti siku ya soko. Mwalimu Elifasi alikuwa amestaafu ualimu, anakaa peke yake nyuma ya maduka, nyumba safi, vitabu vimepangwa mpaka dirishani. Alinipokea kwa heshima zote.

"Karibu, Mama Nuru. Kaa. Chai ipo. Kitabu hakipo."

"Mwalimu, sijasema kitu."

"Umevaa viatu vizuri kuja Kikatiti siku ya matope. Unataka kitabu." Akanimiminia chai. "Mmenifanyia chui akapata mafua. Mmenifanyia mzimu akayeyuka. Hiki hapana. Hiki siyo cha kuchezea."

Nilimwambia sikuja kukichezea. Nilimwambia kwamba safari hii sitamwonyesha anayebisha hodi hata kidogo. Hatakuwa na uso, hatakuwa na mkono, atakuwa sauti tu. Akageuka kutazama nje, ambako watu walikuwa wanapita na mafungu ya ndizi.

Halafu akaniambia jambo ambalo wasomaji wake wa mjini hawakulijua. Nyumba ya kwenye kitabu ipo. Ni nyumba aliyozaliwa, juu kabisa, ambako mashamba ya migomba yanaishia na msitu wa Mlima Meru unaanza. Alikuwa na kaka yake, Yeremia, kijana mkubwa. Jioni moja mtamba wao wa ng'ombe hakurudi na wenzake, Yeremia akapanda msituni kumtafuta.

"Mtamba alirudi," Mwalimu akasema. "Yeremia hakurudi."

Walimtafuta wanaume wa kijiji kizima. Hawakupata hata kiatu. Na tangu hapo mama yao hakuwahi kufunga mlango kwa komeo kabla ya kulala. Kila mtu aliyebisha hodi jioni, awe jirani, awe mgeni, mama aliitika akijua ni Yeremia. Elifasi alikuwa mdogo. Alikaa pembeni ya moto akimwangalia mama yake akielekea mlangoni, kila jioni, na aliogopa, kwa sababu hakujua angefanya nini siku ambayo aliyebisha angekuwa Yeremia kweli.

"Hapo ndipo kitabu kilipotoka," akasema. "Nyumba anakaa dada yangu Raheli. Akikuruhusu mpige picha pale, na mimi nimekuruhusu. Vinginevyo usirudi."

"Basi tumpigie simu tumwombe."

"Hatuzungumzi."

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu kitabu."

Vijana wa siku hizi mnapenda kusema kazi ni kupambana. Sawa. Mimi nilipambana na kilima. Gari la studio lilifika mpaka kwenye kanisa, kutoka pale ni miguu, na udongo wa Meru ukilowa unashika kiatu kama mtu anayekudai. Bibi Raheli nilimkuta amejitwisha majani ya ng'ombe, mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa umri, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na Elifasi."

Hakuuliza, alisema tu. Alitua mzigo, akanawa mikono, akanipakulia loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, akakaa mbele yangu akisikiliza haja yangu mpaka nikamaliza kula. Kwetu sisi watu wa Kilimanjaro tunasema Wameru hawamkatai mgeni kabla hajashiba. Nilipomaliza, akanikataa.

"Elifasi amekwambia kwa nini hatuzungumzi?"

"Amesema ni kitabu."

"Kitabu," akasema. "Kitabu kilitoka Mama akiwa hai. Ulilijua hilo? Watoto wa shule walikisoma, wakajua ni nyumba hii, kwa sababu kila mtu hapa anajua habari ya Yeremia. Wakawa wanakuja jioni. Wanajificha nyuma ya kahawa, wanabisha hodi kwa sauti nene, wanakimbia. Na Mama anaitika. Kila mara anaitika, anaacha chungu, anakwenda mlangoni, anafungua, hamna mtu. Anarudi. Wanabisha tena. Anakwenda tena. Nilikuwa namwambia, Mama, ni watoto. Ananiambia, hata kama ni watoto, siku moja huenda si watoto."

Nikageuka kuutazama mlango ule.

"Alikufa wakiendelea kumfanyia hivyo," Bibi Raheli akasema. "Sasa ninyi mnataka mlitie jambo hilo kwenye televisheni, walione watoto wa nchi nzima."

Nilishuka mlima nikijua ana haki. Studioni Deo alisema twende tukajenge nyumba ya mabanzi mjini, pale Sakina, tumwache bibi na huzuni zake. Kisheria tungeweza kutafuta njia. Lakini nilikuwa nimeshaisikia habari ile, na huwezi kuandika kana kwamba hujasikia wakati umesikia. Mzee Athumani ndiye aliyenipa shauri. Alikuwa anasafisha kinasa sauti kwa pamba. "Ulikwenda na karatasi?" akauliza. Nikasema ndiyo, nilikuwa na skripti kwenye mkoba. "Nenda bila karatasi."

Nikaenda bila karatasi. Msimu wa kahawa ulikuwa umefika, nikachuma naye. Sikuongea habari ya tamthilia, na yeye hakuuliza. Nikaenda tena. Safari iliyofuata mvua ilininyeshea njia nzima, nikafika nimelowa mpaka kwenye kilemba.

"Wewe huchoki?" akaniuliza akinipa khanga kavu.

"Nachoka, bibi. Nimekuja nimechoka."

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Akaongeza kuni, akakaa kwenye kigoda chake, akasema, "Hayo maneno yenu mliyoandika. Unayakumbuka kichwani?"

Nilikuwa nayakumbuka. Skripti uliyoiandika kwa mkono wako huhitaji kuiona. Nikamsimulia onyesho baada ya onyesho, pale jikoni kwake, moshi ukiniuma macho. Nilipofika mahali ambapo mama wa kwenye hadithi anaitika hodi kwa kilio na kutetemeka, alininyooshea kidole.

"Hapana. Mama hakulia. Aliitika kama unavyomwitika mtu aliyetoka dukani. 'Karibu.' Huku anakoroga. Na sahani ya Yeremia ilikuwa tayari, imefunikwa. Yule mwenye kuogopa alikuwa Elifasi, siyo Mama."

Kisha akasema neno ambalo lilibadilisha kazi yote. "Kitabu kinasema anayeitika hafiki asubuhi. Mama aliitika miaka yote na alizeeka. Waliopata shida ni wale majirani waliofunga milango yao mapema kwa sababu ya kitabu, wakawa wanamwogopa kila mtu anayepita. Kama unataka kutisha watu, watishe wale wanaofunga."

Vijana, nilisahau kwamba nimelowa. Pale pale nikaiona tamthilia nzima. Katika nyumba ya mama anayeitika, sauti inakuja mlangoni, mama anafungua, anazungumza na giza, na asubuhi sahani ni tupu. Hakuna baya. Lakini katika nyumba za majirani waliogoma kuitika, wanaoweka komeo na mabanzi na kabati nyuma ya mlango, hodi inaanza kusikika kutoka chumbani. Ndani. Nyuma yao.

Nikamwambia. Alifikiri, akajifunika mabega. "Hiyo inatisha," akasema. "Fanya hiyo. Ila mambo mawili. Msimvishe Yeremia sura ya shetani, hakuwa shetani. Na watoto wasifundishwe tena kwamba kumwitika mtu ni kifo."

Kazi ikabaki kwa Mwalimu Elifasi, maana nilikuwa naenda kumwambia kwamba sentensi yake mashuhuri naipindua. Nilimkuta anamwagilia maua. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya watoto waliojificha nyuma ya kahawa.

"Najua habari ya watoto," akasema taratibu. "Niliijua baada ya mazishi. Niliisikia njiani, watu hawakujua ninawasikia." Akaweka ndoo chini. "Sentensi hiyo ndiyo iliyouza kitabu, Mama Nuru."

"Najua."

"Wasomaji watasema umeharibu."

"Watasema. Mwalimu, nisikilize. Mimi naweza kukifuata kitabu chako neno kwa neno na nikakiua, nimeshafanya hivyo mara mbili. Naomba nikifuate mahali kilikotoka."

Alichukua ndoo, akamaliza safu ile ya maua, ndipo akasema, "Badilisha."

Wale wenu mnaofikiri kugeuza riwaya ni kunakili mazungumzo, shikeni hapo. Unamheshimu mwandishi kwa kujua kilichomsukuma kuandika. Wakati mwingine hata yeye hukikimbia.

Aliyebaki sasa ni Deo. Deo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wa kituo cha televisheni shingoni wanaouliza mzimu unafananaje ili wautangaze. Akaniambia skripti ni nzuri, ila kipindi cha mwisho lazima anayebisha aonekane, na tayari ameagiza kinyago. Nikamwambia kwa utulivu kwamba akionekana, mimi jina langu liondolewe, na nyumba ya Bibi Raheli itakuwa imekwenda nalo, kwa sababu tumempa ahadi. Alinikodolea macho. Alizoea kuniona narekebisha skripti kila anapotaka. "Tutaona siku yenyewe," akasema.

Kwa mama wa hadithi tulimchagua Mama Chichi, mchekeshaji. Wengi walicheka kabla hata hajafungua mdomo, na Deo aliogopa kwamba nchi nzima itacheka. Mimi nilimtaka kwa sababu mchekeshaji anajua kukaa kimya mahali pake. Yeye ndiye aliyekwenda kukaa na Bibi Raheli kabla ya upigaji picha, akajifunza namna ya kushika mwiko.

Siku yenyewe tulipiga picha za usiku mchana. Ninyi simu zenu zinaona gizani. Sisi tulikuwa tunatundika mablanketi madirishani na kitambaa cheusi mlangoni, nje jua linawaka, ndani watu wanatokwa jasho wakijifanya wanasikia baridi. Ilikuwa saa saba mchana. Bibi Raheli alikaa kwenye kigoda nyuma ya kamera, kwa sababu ni jikoni kwake na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Deo alikuwa na kinyago chake nyuma ya nyumba, na kijana wa kukivaa.

Mwalimu Elifasi alikuja. Sikumwalika, alikuja mwenyewe, akabaki nje ya uzio kwenye kahawa, hakuingia uani. Dada yake alikuwa ndani tangu asubuhi, hakumwona.

Watu huniuliza kama nilipanga kilichofuata. Sikupanga. Sauti ya hodi tungeiweka baadaye studioni, lakini Mama Chichi alihitaji mtu wa kumbishia pale ili ajue wakati wa kuitika. Kwa kawaida Athumani ndiye aliyefanya hivyo, na siku hiyo alikuwa amepoteza sauti. Nikatoka nje, nikamwona Mwalimu amesimama pale. "Mwalimu, tusaidie," nikamwambia. "Simama mlangoni, ubishe mara tatu, uache nafasi kati." Alinitazama, akatazama ule mlango. Alikuja akitembea kama mtu anayevuka daraja la miti.

Tukaanza. Mama Chichi anakoroga. Sahani imefunikwa, loshoro halisi ndani yake, kwa sababu Bibi Raheli alikataa tuweke sahani tupu.

"Hodi."

Kimya, kama skripti ilivyosema. Mwiko unazunguka.

"Hodi."

Mama Chichi akainua kichwa kidogo. Alikuwa anafanya vizuri sana. Nje, sauti ya tatu ilichelewa. Ilichelewa mpaka Deo akanigeukia. Kisha ikaja, chini, imekatika katikati.

"Hodi."

"Karibu."

Hakuitika Mama Chichi. Aliitika Bibi Raheli, nyuma ya kamera, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemjibu aliyetoka dukani. Akainuka. Akapita mbele ya lenzi, akasogeza kitambaa cheusi, akafungua mlango, na mwanga wote wa mchana ukaingia ukaharibu usiku wetu. Deo aliinua mkono kusimamisha. Mzee Athumani, vipokea sauti masikioni, akamtikisia kichwa. Mkono ukashuka.

Ndugu wawili wazee walisimama kizingitini.

"Umechelewa," Bibi Raheli akasema.

"Nimechelewa," akasema Mwalimu.

"Chakula kinapoa. Ingia."

Akaingia. Akakaa kwenye kile kigoda, na dada yake akafunua sahani ya tamthilia akampa. Mwalimu akala, machozi yanadondokea mikononi, mpaka Mama Chichi, bado ameshika mwiko, akanong'ona, "Sasa mimi nipakue nyingine?" Tulicheka wote, na Bibi Raheli alicheka kuliko sisi.

Baadaye nilimfuata kwenye migomba, nikamwuliza kama alidhani ni Yeremia.

"Nilijua ni Elifasi," akasema. "Ndiyo maana niliitika."

Tulirudia onyesho, na Mama Chichi aliitika kama alivyosikia ikiitikwa. Lakini Athumani alikuwa ameinasa ile ya kwanza. Nikamwomba Bibi Raheli ruhusa, akasema, "Sauti chukueni. Uso wangu uacheni." Kwa hiyo mkitazama ile tamthilia, midomo ni ya Mama Chichi, "karibu" ni ya Raheli. Deo alitoka nje akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akimwambia yule kijana, "Vua hicho kitu. Kula, twende." Hakukitaja kinyago tena.

Ilipoanza kuonyeshwa, wako waliolalamika. Wapenzi wa kitabu waliandika kwamba tumeichafua sentensi yao. Kuna mama mmoja wa Levolosi aliyenisimamisha sokoni akaniambia mwanawe hataki tena kuingia chumbani peke yake, akanitazama kwa hasira, halafu akaniuliza nini kitatokea wiki ijayo.

Kipindi cha mwisho tulikitazama kwa Bibi Raheli. Mwalimu Elifasi alipanda kutoka Kikatiti na mfuko wa mikate. Majirani walijaa, na baadhi yao, watu wazima sasa, walikuwa wale watoto wa nyuma ya kahawa. Mmoja alimletea Bibi Raheli asali akaiweka mezani bila kusema ni ya nini. Aliipokea. Hakumwuliza.

Walitazama bila kupumua. Ilipofika mahali ambapo mwanamume amefunga mlango, ameweka komeo, amesukuma kabati, amekaa chini akidhani amepona, na ile hodi ya upole ikatoka chumbani nyuma yake, mzee mmoja wa kanisa aliinua miguu yote miwili akaiweka juu ya kochi. Hakuna aliyecheka. Nilitazama chai yangu. Ilikuwa imepoa, na za wengine pia.

Tamthilia ikaisha. Nje kulikuwa kumeshaingia giza, migomba inachezacheza na upepo wa mlimani. Bibi Raheli akazima televisheni, akatuangalia wote tulivyobanana.

"Haya," akasema. "Mama Joisi huyu anakaa kule ng'ambo ya mfereji. Nani anamsindikiza?"

Kila mtu akamwangalia mwenzake. Mwisho macho yote yakaenda kwa Mwalimu Elifasi, mwanamume aliyeyatunga mambo yale kwa mkono wake mwenyewe.

Akajivutia shuka alilojifunika mpaka kidevuni. "Mimi," akasema, "nalala hapa."